Kukoroma si uvivu: Simu zetu zitusaidie kupunguza uzito na kuokoa pumzi



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, makala ya leo naianza kwa kosa langu mwenyewe. Nimelificha kwa muda, lakini naona kulificha zaidi ni kuwanyima wengine faida.

Siku moja, baada ya swala ya Alfajiri, nilitoa darsa fupi msikitini kwetu hapa Nyamirambo, Kigali, kuhusu watu wanaolala mpaka jua likachomoza. Nikataja ile Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim kuhusu shetani na sikio la mtu aliyelala mpaka asubuhi. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuja mchana wake, maana ilikuwa Ijumaa. Wakati wa khutba nilimwona mzee mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu, amelala katika safu ya pili. Kidevu kimegusa kifua, anakoroma mpaka watoto wangu wa madrasa wanazibana pua wasicheke. Tulipomaliza kuswali nikamwambia mbele za watu: "Mzee wangu, Alfajiri hatukuoni, na Ijumaa unakuja kulala. Tumuogope Allah." Hakunijibu kitu. Aliinamisha kichwa, akachukua viatu vyake, akaondoka.

Wiki mbili baadaye mkewe alikuja madrasa kumchukua mjukuu wake. Akasubiri watoto watoke, kisha akaniambia: "Maalim, mume wangu si mvivu. Mume wangu halali. Usiku anakoroma, halafu ananyamaza kabisa. Mimi nahesabu kumi, kumi na tano, ishirini, najisemea leo amekufa. Mara anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Hivyo mpaka asubuhi. Tumesema ni jinamizi. Amesomewa, tumefukiza ubani, limegoma kutoka. Na kesho anapakia mzigo kwenda Dar es Salaam."

Wallahi maneno yale yaliniingia. Kutoka Kigali mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400, kupitia Rusumo, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro. Nikamfikiria mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka, ameshika usukani wa lori la tani nyingi, na barabarani kuna mabasi yamejaa watoto wa watu. Na mimi nilikuwa nimemwaibisha badala ya kumsaidia.

Jinamizi hili lina jina hospitalini

Madaktari wanauita ugonjwa huu apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu koo hulegea mpaka njia ya hewa ikajifunga, kidogo au yote. Kifua kinahangaika kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache tu, mara nyingi bila yeye kujua. Anavuta pumzi kwa kishindo, analala tena, na koo linajifunga tena. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio moja. Mtu mwenye matukio 5 kwa saa ameshaanza ugonjwa, akifika 15 ni wa wastani, na akifika 30 ni mkali. Hebu piga hesabu ya matukio 30 kila saa kwa usiku wa saa saba: ni zaidi ya mara 200. Huyo kweli utasema amelala?

Mtu kama huyo huamka na kichwa kinauma, mdomo umekauka, na mchana kutwa anasinzia. Usiku huamka mara nyingi kwenda chooni. Akiachwa hivyo, ugonjwa huu unafuatana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari, na ajali za barabarani zinaongezeka. Si ugonjwa wa wachache pia. Watafiti waliokusanya takwimu za nchi mbalimbali na kuchapisha mwaka 2019 walikadiria kuwa karibu watu bilioni moja duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wanao, na wengi wao hawajui.

Siku ile baada ya kuzungumza na yule mama nilirudi kwenye vitabu vyangu. Nikakutana na kisa nilichokuwa nimekisoma zamani na kukisahau, kilichopokewa na Abu Dawud. Mke wa sahaba Safwan bin al-Mu'attal (r.a.) alimshitaki mumewe kwa Mtume (s.a.w.) kwamba haswali Alfajiri mpaka jua lichomoze. Safwan akaeleza kuwa wao ni watu wa ukoo unaojulikana kwa hali hiyo, hawawezi kuamka. Mtume (s.a.w.) hakumkemea wala hakumtolea maneno makali. Alimwelekeza aswali pindi anapoamka. Sisemi kuwa Safwan alikuwa na apnia, hilo siwezi kulidai. Ninachosema ni kwamba Mtume wetu alimsikiliza mtu kwanza, akaupokea udhuru wake. Mimi sikumsikiliza. Nikaenda nyumbani kwa yule mzee nikamwomba msamaha, naye, Allah amlipe, akanisamehe kabla sijamaliza sentensi.

Sisemi kuwa kisomo hakina maana. Qur'ani ni shifaa na sisi tunaamini hivyo. Lakini Mtume (s.a.w.) pia ametuamrisha kujitibu, na akatufahamisha kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Basi soma ruqya yako, kisha mpeleke mgonjwa hospitali.

Uzito na pumzi

Mzee wetu alipopimwa alikutwa na matukio 41 kwa saa, uzito kilo 121 na shinikizo la damu. Daktari alimwambia mambo matatu. Kwanza, asiendeshe lori mpaka aanze matibabu. Pili, alale na mashine ya CPAP, ambayo inasukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Mashine hii ilibuniwa Australia na daktari Colin Sullivan na wenzake, waliotangaza matokeo yao mwaka 1981, na mpaka leo ndiyo tegemeo kuu. Tatu, apunguze uzito.

Jambo la tatu ndilo ninalotaka kulizungumzia leo, kwa sababu ndilo tunalolipuuza. Mafuta yanayojikusanya shingoni, kwenye ulimi na kuzunguka koo huibana njia ya hewa, na mafuta ya tumboni huyabana mapafu mtu akilala. Mtu akipungua, njia inafunguka. Utafiti wa watu wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa kupungua asilimia 10 ya uzito kunaendana na kupungua kwa matukio hayo kwa takriban asilimia 26, na kuongezeka uzito kunayazidisha. Huko Granada, Hispania, watafiti waliwachukua wanaume 89 wenye uzito uliozidi na apnia ya wastani au kali. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida peke yake, na la pili likaongezewa mafunzo ya wiki nane ya chakula, mazoezi, usingizi, na kuacha sigara na pombe. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Katika kundi la pili matukio yalipungua kwa takriban nusu, na miezi sita baadaye karibu watatu katika kila kumi walikuwa wamepona kabisa.

Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Katika Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliligawa tumbo mafungu matatu: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya tatu ni ya pumzi. Nimeifundisha Hadithi hiyo kwa watoto kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kusimama kwenye lile neno pumzi mpaka nilipomwona mzee wetu. Sisi tumeila theluthi ya pumzi. Tumeila kwenye walima, kwenye maulidi, kwenye hitma na kwenye futari.

Kwa nini simu?

Hapa mtu ataniuliza: "Maalim, kila daktari anasema tupungue. Nani amepungua?" Ni swali la haki. Mgonjwa huambiwa apunguze uzito kwa dakika mbili mlangoni, anapewa karatasi, na anaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Baina ya hapo hakuna wa kumuuliza. Mzee wetu ndiyo kabisa, maana kwa mwezi mzima huenda yuko Kigali siku sita tu. Akipangiwa siku ya kliniki, siku hiyo yeye yuko Singida anatengeneza tairi. Na hata wa mjini, kufika hospitali kubwa ni nauli, ni foleni, ni siku ya kazi imepotea. Mama mwenye kibanda cha mboga hawezi kufunga kibanda kila wiki ili akapimwe kilo.

Msimamo wangu ni huu: mgonjwa wa apnia anayetakiwa kupungua asiachwe peke yake baina ya kliniki na kliniki. Mtu wa afya amfuate kwa simu kila wiki. Wataalamu wanaiita tiba mtandao. Watu wengi wakisikia neno hilo wanafikiri ni jambo la kompyuta kubwa na matajiri. Sivyo. Ni simu hii hii tunayoitumia kutumiana pesa na salamu za Idd.

Wala si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2011 madaktari wa chuo kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 415 wenye unene uliokithiri. Waliwagawa makundi matatu. La kwanza lilijitegemea. La pili lilisaidiwa kwa simu, tovuti na barua pepe tu, bila kuonana na washauri wao uso kwa uso. La tatu lilikutana na washauri ana kwa ana pamoja na msaada huo wa mbali. Baada ya miaka miwili, waliojitegemea walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 0.8, waliosaidiwa kwa simu kilo 4.6, na waliokutana ana kwa ana kilo 5.1. Tazama tofauti ya makundi mawili ya mwisho, ni nusu kilo tu! Watu wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya apnia, lakini funzo lake liko wazi: kinachomsaidia mtu kupungua ni kuwa na anayemfuatilia, na ufuatiliaji huo unaweza kupita kwenye simu.

Hapa kwetu Rwanda jambo hili si geni. Huduma ya Babyl ilianza mwaka 2016, na wananchi wengi, wakiwemo wenye simu ndogo za kawaida, waliweza kuzungumza na nesi au daktari bila kusafiri. Mwaka 2023 ilifungwa baada ya kampuni mama ya Uingereza kuanguka. Wapo wanaosema huo ndio ushahidi kwamba mambo ya simu hayadumu. Mimi naona ushahidi tofauti. Watu wetu walikuwa tayari, ila nguzo ilikuwa mbali. Basi nguzo tuisimamishe karibu: nesi wa kliniki ya mtaa, anayekujua, mwenye faili lako, na namba yake.

Ilivyokuwa kwa mzee wetu

Kliniki aliyopelekwa ilimpa nesi wa kumfuatilia. Mpango wao ulikuwa mwepesi. Kila Ijumaa, kabla ya kuoga kwa ajili ya swala, alijipima kwenye mizani. Akiwa Kigali alitumia ya duka la dawa lililo jirani, akiwa safarini alitumia mizani ndogo aliyoiweka nyuma ya kiti cha lori. Namba aliituma kwa ujumbe. Kila mlo mkubwa aliupiga picha kabla ya kuula. Kila Jumapili jioni nesi alimpigia kwa dakika kumi na tano hivi, wakazungumza: wiki imekuwaje, mashine umeivaa usiku mangapi, presha imesomaje, wapi uliteleza.

Nilimuuliza nesi alimwambia nini cha ajabu. Akacheka. "Hakuna cha ajabu, Maalim. Aliniambia anakunywa soda tatu kwa siku ili asisinzie. Tukaanza na hizo." Wiki ya pili wakaenda kwenye chai, ambayo alikuwa akiweka sukari vijiko vinne kwa kikombe. Kisha chipsi mayai za usiku pale malori yanapolala. Hakukatazwa kula nyama, aliambiwa achukue mishikaki miwili badala ya mitano, na nafasi iliyobaki aweke maharage na mboga za majani. Akaambiwa kila akisimama kupumzika alizunguke lori lake mara kumi na tano kabla ya kuketi. Madereva wenzake walimcheka, kisha wawili wakaanza kuzunguka naye.

Nisifiche kuwa ilikuwa ngumu. Wiki sita za mwanzo hakuendesha, na tajiri wake alimpa kazi ya yadi kwa ujira mdogo. Hofu hiyo ya kukosa riziki ndiyo iliyokuwa imemfanya anyamaze muda wote ule. Mashine alitumiwa na binti yake anayeishi Ubelgiji, kliniki ikaikagua na kuipanga upya, na barakoa ikanunuliwa mpya. Wapo waliotoa sadaka zao kimya kimya nyumba isilale njaa. Katika Ramadhani alipanda kilo mbili, akaona aibu, akaacha kutuma namba kwa wiki tatu. Nesi hakumgombeza. Alimwandikia: "Mzee, hata ikipanda nitumie, ndiyo kazi yangu." Akarudi.

Baada ya miezi kumi alikuwa na kilo 108. Alipopimwa tena, matukio yalikuwa 24 kwa saa kutoka 41. Hajapona kabisa, na mashine bado anaivaa, ila presha imetulia, hasinzii tena kwenye usukani, na Alfajiri akiwa Kigali namwona safu ya kwanza. Siku ya kwanza nilipomwona pale, nilishindwa kumtazama usoni.

Tusiisahau jiko

Ndugu zangu, nesi anapiga simu mara moja kwa wiki, lakini jiko linawaka mara tatu kwa siku. Kama mgonjwa anaambiwa apunguze mafuta, na nyumbani sambusa zinaelea kwenye karai, simu hiyo itashindwa. Mke wa mzee wetu alifanya jambo moja ninalolipenda. Hakumpikia mumewe chakula cha ugonjwa peke yake. Alibadilisha chungu cha nyumba nzima, na mzee akapakuliwa kwenye sahani yake, kwa sababu kwenye sinia la pamoja mtu hajui ameishia wapi. Sinia lina baraka na ni mila yetu njema. Lakini mgonjwa akila kwenye sahani huku ameketi pamoja na wenzake, udugu haujavunjika.

Na sisi wa misikiti na madrasa tunahusika. Kwa nini kila hafla yetu lazima iwe na soda? Kwa nini mgeni akikataa sahani ya pili tunamwona anatudharau? Hapa Kigali tangu mwaka 2016 tunayo siku ya barabara bila magari, Jumapili mara mbili kwa mwezi, watu wanatembea na kukimbia, na hupimwa presha na sukari bure. Tuwapeleke wazee wetu. Kutembea huko ukiwa na nia ya kuutunza mwili, ambao ni amana, ni ibada.

Adabu na tahadhari

Yapo maswali ambayo wazazi wameniuliza, na ni ya kweli.

La kwanza ni la stara. Dada mmoja aliuliza kama inafaa azungumze na daktari mwanamume kwa simu. Mazungumzo ya haja, kwa heshima, yanafaa, na matibabu ni haja. Anaweza kuomba nesi mwanamke, na akizungumza kwa video anaweza kuketi na mumewe, mama yake au kaka yake. Kupima uzito na kueleza chakula hakuhitaji kufunua kitu.

La pili ni siri ya chumbani. Daktari husaidika sana akisikia mlio wa usiku, kwa hiyo mke anaweza kurekodi sauti ya mumewe anavyokoroma. Amwombe ruhusa kwanza. Irekodiwe sauti tu, na iende kwa mtu wa afya peke yake. Kuirusha kwenye kundi la familia ili watu wacheke ni kumvunjia Muislamu heshima yake.

La tatu ni matapeli. Simu hiyo hiyo inayomleta nesi inaleta pia wauzaji wa chai za kukondesha na vidonge visivyo na jina. Mtu anayekuahidi kilo kumi kwa wiki mbili bila kukuuliza presha yako ni mfanyabiashara tu. Zipo dawa za kweli. Mwezi Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepatide kwa watu wazima wanene wenye apnia ya wastani au kali, ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ugonjwa huu. Lakini ni ghali, ina madhara yanayohitaji uangalizi, na haitumiki bila daktari. Usiinunue kwa mtu wa mtandaoni.

La nne ni mipaka ya simu. Simu haiwezi kuangalia koo lako wala kukupima usingizi. Kipimo cha kwanza kifanyike kwa watu wa afya, hata kama ni kile cha kifaa kinachovaliwa usiku nyumbani. Mwenye kisukari anayetumia dawa asianze kupunguza chakula bila kumwambia daktari, maana dawa zake huenda zikahitaji kupunguzwa. Na mwenye mashine asiiache kwa sababu ameona shati limepwaya, mpaka apimwe tena.

La tano, tusije tukatoka kwenye dhulma moja tukaingia nyingine. Si kila mwenye apnia ni mnene. Wapo wembamba wenye ugonjwa huu kwa sababu ya umbile la taya au koo, na watoto wengi hupata kwa sababu ya tezi za koo na pua zilizovimba. Walimu wenzangu wa madrasa, mtoto anayekoroma kila usiku na kusinzia juu ya juzuu kila siku, kabla ya fimbo, muulize mama yake analalaje.

Tuanzie wapi?

Naomba kila familia ifanye haya wiki hii:

1. Muulizaneni. Nani hapa nyumbani anakoroma kwa nguvu, anakatika pumzi, anasinzia mchana? Shingo inayozidi sentimita 40, presha, na umri wa zaidi ya miaka 50 ni ishara za kuongeza wasiwasi. Anayelala naye ndiye shahidi wa kwanza, asinyamaze.

2. Mpelekeni akapimwe. Akiwa ni dereva, msingoje.

3. Akiambiwa apunguze uzito, msiondoke kliniki bila kuuliza: nani atatupigia, siku gani, na kwa namba gani? Kama kliniki haina utaratibu huo, ombeni. Nesi mmoja, daftari moja na simu moja vinatosha kuanza.

4. Chagueni siku moja ya kupima uzito. Mimi napendekeza Ijumaa asubuhi, kwa sababu hatuisahau.

5. Badilisheni chungu cha nyumba nzima, si sahani ya mgonjwa peke yake.

Vijana na wanafunzi, ninyi mna kazi maalumu. Wazee wetu wengi wana simu ya kisasa na hawajui kutuma picha ya sahani. Kaeni nao. Dakika tano za kumwekea babu namba ya nesi na kumfundisha kutuma ujumbe ni katika birr, kuwatendea wema wazazi.

Na wenye misikiti, naomba tutafute nesi au daktari Muislamu miongoni mwetu, awe tayari kupokea simu za waumini wanaofuatilia uzito wao, hata kwa saa mbili za Jumapili. Tunachanga kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti. Tuchange pia mizani moja nzuri na muda wa maongezi wa mwezi.

Mzee wetu aliniruhusu nikiandike kisa chake kwa sharti nisimtaje jina. Aliniambia: "Maalim, waambie madereva. Mimi nilisinzia mara mbili karibu na Nzega, na Allah akanigeuza. Sijui wengine watageuzwa mara ngapi."

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awalinde wasafiri wetu, na atusamehe sisi tunaohukumu kabla ya kuuliza. Amiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.